Kishikwambi Kimechukua Nafasi ya Nani?



Kila skuli zinapofunguliwa, wazazi wa Unguja na Pemba huulizana jambo moja, barazani na nje ya msikiti baada ya sala: mtoto anunuliwe kishikwambi, au abaki na kitabu na daftari? Wengine hulifikisha kwa masheikh wakitaka kujua ni halali au haramu. Hapo jibu si refu, kwani chombo hufuata matumizi yake, kama redio ilivyokuwa kwa wazee wetu. Lililo gumu ni la elimu yenyewe, na kuna mifano miwili inayoonekana kugongana.

Wa kwanza uko ng'ambo ya maji tu, mkoani Tanga. Katika mashindano ya Global Learning XPRIZE, karibu watoto 2,700 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Havikuhitaji intaneti, na vilichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukaa darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma ilipungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili mwezi Mei 2019.

Wa pili ni Sweden, nchi tajiri iliyojaza skuli zake kompyuta na kufika hadi kutaka vyombo hivyo vitumike hata kwa watoto wa chekechea. Mwaka 2023 serikali yake ilirudi nyuma. Ilitangaza kuwa inataka kufuta sharti hilo la chekechea na ikatenga kronor milioni 685 kwa ajili ya vitabu vya skuli. Katika mtihani wa kimataifa wa kusoma, PIRLS, watoto wao wa darasa la nne walikuwa wameshuka kutoka alama 555 mwaka 2016 hadi 544 mwaka 2021. Tuseme haki: bado ni alama nzuri, na si vyombo pekee vinavyoweza kubebeshwa lawama. Lakini waliokuwa mbele ya wengi katika njia hiyo ndio walioona haja ya kusimama na kufikiri upya.

Basi nani tumfuate? Kwa maoni yetu mifano hii haipingani. Mtoto wa kijijini Tanga hakuwa na mwalimu wala kitabu, na kishikwambi kilijaza pahala patupu. Mtoto wa Sweden alikuwa navyo vyote viwili, na kioo kikavisukuma pembeni. Kwa hiyo la kuuliza ni kitu gani kinaondoka mezani kifaa kinapowekwa.

Kwetu visiwani majibu hutofautiana hata baina ya mitaa miwili. Pale ambapo wanafunzi wengi hugombania kitabu kimoja cha sayansi, kifaa chenye masomo yaliyohifadhiwa ndani ni neema. Mwalimu naye hunufaika akikitumia kuandaa somo. Vishikwambi vya sensa ya 2022 viligawiwa walimu kwa sababu hiyo. Ila mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza herufi ni jambo jingine. Walimu wa chuoni wanalijua hili tangu enzi za ubao na wino: mkono unaoiandika alifu na bee huisaidia akili kuishika, na watafiti wa leo wanasema yayo hayo. Kugusa kioo hakufanyi kazi hiyo.

Na tusisahau umeme. Wa Unguja wanakumbuka miezi ile takriban mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009. Daftari liliendelea kusomeka mchana kutwa.

Kuna na la nyumbani, ambalo ndilo linalotuumiza zaidi. Kifaa cha skuli kikiwa na intaneti, hakimalizi kazi yake somo linapokwisha. Mama yuko jikoni, baba hajarudi, mtoto yuko chumbani "anasoma". Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kuwa chini ya robo ya nchi duniani zilikuwa zimepiga marufuku simu skulini kwa sheria au sera. Nyumbani hakuna sera wala mlinzi isipokuwa sisi tuliopewa amana ya watoto hawa. Kifaa na kikae ukumbini, kichajiwe chumbani kwa wazazi, na mdogo asimilikishwe chake peke yake.

Ukiitwa kikao cha wazazi na kuambiwa uchangie vishikwambi, usikatae kwa pupa wala usikubali kwa haya. Muulize mwalimu mkuu: vitabu vitaendelea kununuliwa? Imla na insha zitaandikwa kwa mkono? Kikiharibika, nani atalipa, na mtoto wa yule asiye na uwezo atakaa wapi siku hiyo?