Tundu la Paa Si Uharibifu

Imezuka katika baadhi ya ofisi tabia ambayo hatuna budi kuikemea. Lori la kazi linanunuliwa, na simu ya upepo inanunuliwa kwa fedha za wananchi. Kisha fundi anapotoa keekee ili atoboe paa na kufunga antena, mkuu wa kazi anamzuia: "Usiharibu mali ya umma!" Basi antena inafungwa kwenye bampa, au inabandikwa kwa sumaku na waya wake kupitishwa mlangoni. Jalada linafungwa, na mkubwa anajiona mlinzi hodari wa mali.

Sisi tunasema huo si ulinzi. Ni ubadhirifu uliovaa joho la uangalifu.

Wako wanaodhani kuwa antena ni ufito wa pambo, popote ukikaa ni sawa. Hawajui asili yake. Mwaka 1895, huko Italia, Guglielmo Marconi aliinua ncha moja ya waya juu na kuiunganisha nyingine na ardhi. Ishara zake zikafika mbali zaidi ya kilomita 2. Somo lake ni kwamba ufito ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi. Lori linalotembea juu ya mipira haliigusi ardhi, kwa hiyo ardhi yake ni bati la paa.

Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha jambo hili ubaoni. Gawanya 300 kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 150, wimbi lina mita 2, na robo yake ni sentimita 50. Ufito wa kadiri hiyo, ukisimama katikati ya paa la chuma, hutawanya sauti karibu sawa pande zote. Uteremshe kwenye bampa, na kichwa cha lori kitaukinga upande mmoja.

Sumaku nayo yafaa kwa gari la kuazima siku mbili. Kwa lori la kila siku, matawi huing'oa, vumbi hukwaruza rangi chini yake, na mlango huubana waya mpaka ukafa. Paa la alumini haliishiki kabisa. Na antena isipopatana na redio, kwa uwiano wa 3 kwa 1, robo ya nguvu hurudi ilikotoka: katika wati 25, zaidi ya 6 hazitoki. Kisha tunalaumu redio na kuagiza nyingine!

Anayelipa si mkubwa aliye ofisini. Ni fundi wa umeme aliye porini, mahali ambapo simu ya mkononi haishiki, akiuliza kama njia imezimwa kabla hajapanda nguzo. Jibu likimfikia vipande vipande, asikie "imezimwa" pale aliposema mwenzake "haijazimwa", nani atajibu mbele ya wajane na yatima?

Tunaambiwa kuwa tundu litavujisha mvua. Hii ni hoja ya asiyeuliza fundi. Tundu lenyewe ni la milimita 19. Hukwanguliwa rangi upande wa ndani ili kitako kiume chuma kitupu, hukazwa pamoja na mpira wa kuzuia maji, na waya hupita chini ya kitambaa cha dari. Siku lori likiuzwa, tundu huzibwa kwa kizibo cha senti chache.

Wakati umefika kwa wakuu wa kazi kuacha kumfundisha fundi ufundi. Antena iandikwe katika hesabu ya lori tangu mwanzo, na lori lisipokelewe kabla mawimbi yanayorudi hayajapimwa na kipimo kutiwa sahihi. Lori hununuliwa lifanye kazi, wala si kutunziwa paa. Na mali ya kwanza ya umma ni uhai wa wafanyakazi wake.