Sehemu ya 14: Mama, Shusha Watoto Kwanza Ndipo Jeki Iguswe

Nesi wenu nimerudi, mama zangu na wadogo zangu. Najua kuna watakaouliza, "Nesi na jeki wapi na wapi?" Subirini kidogo.

Kuna usiku nikiwa zamu aliletwa baba mmoja, mkono umefungwa kanga ya mkewe, imelowa damu. Walipata pancha wakitoka msibani. Baba akapiga jeki pembeni mwa barabara, kwenye mchanga. Mtoto wao wa miaka minne alikuwa amelala siti ya nyuma. Akaamka, akaanza kurukaruka akimtafuta mama. Gari likayumba, jeki ikalala, baba akabanwa vidole. Viwili hatukuweza kuviokoa. Mkewe alikuwa analia akirudia maneno yaleyale: "Tuliona ni dakika kumi tu."

Jamani, hizo dakika kumi ndizo nazozipinga leo. Tumezoea kwamba pancha ni kazi ya baba, sisi na watoto tunabaki ndani kwa sababu nje kuna jua, au mvua, au mtoto amelala. Mimi nasema hapana. Gari likiwa juu ya jeki, ndani asibaki mtu. Hata kichanga. Mfunge mgongoni, ushuke.

Kuna dada aliniambia, "Lakini nesi, huko nje malori yanapita, si ndiyo hatari zaidi?" Swali zuri. Jibu langu ni hili: kama mahali hapo si salama mtoto kusimama, basi si salama kubadilishia tairi. Washa taa za tahadhari, jikongoje polepole na pancha yako hadi penye nafasi, ardhi ngumu na tambarare. Rimu itaharibika? Iharibike. Rimu inauzwa dukani, vidole haviuzwi.

Mkishafika, watoto wapelekwe mbali na barabara na mbali na gari, mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuwashika mikono tu. Asishike tochi, asishike nati.

Anayebadilisha naye afuate haya:

1. Handibreki juu, gari kwenye gia ya kwanza, au P kama ni otomatiki. Weka pembetatu zako nyuma ya gari, mbali kidogo, madereva wazione mapema.
2. Jiwe kubwa kwenye tairi la kona ya pili. Pancha ikiwa mbele kulia, jiwe liende nyuma kushoto.
3. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini. Ukisubiri gari liwe juu ndipo uvutane na spana, unaliangusha mwenyewe.
4. Jeki ikae pale penye alama chini ya ubavu wa gari, kitabu cha gari kinaonyesha. Ardhi ikiwa laini, tanguliza kipande cha ubao mpana.
5. Laza spea chini ya ubavu, karibu na jeki. Ukishatoa tairi bovu, libadilishane nafasi na spea. Jeki ikikosea, gari litaangukia tairi, sio mtu.
6. Nati zikazwe kwa kuruka upande huu na ule, sio kwa kuzunguka. Shusha gari, kisha ndipo ukaze kwa nguvu zote.

Na nati ikibingirika chini ya gari, usiingize kichwa wala mkono. Ivute kwa fimbo. Jeki ni ya kunyanyulia, haijatengenezwa kumlinda mtu aliye chini.

Wajawazito, nyie msinyanyue tairi wala kuvutana na spana. Ombeni msaada, hakuna aibu hapo. Ila maelezo myajue, maana anayekuja kuwasaidia naye anaweza kuwa na haraka zake.

Ombi langu: Jumamosi hii, gari likiwa nyumbani, mwambie baba watoto mfanye mazoezi pamoja. Angalieni kama jeki ipo, spana ipo, na spea ina upepo. Kama spea yenu ni ile nyembamba, isomeni ubavuni: nyingi zimeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, ni za kukufikisha kwa fundi tu.

Yule baba alikuwa anajua kubadilisha tairi vizuri sana. Kilichomponza ni kumwonea huruma mtoto asiamshwe.

Mwamshe, mama. Atalala tena.