Kitete mpaka Kwihara kwa TZ 11

Haya tena msomaji wangu, wiki hii safu imehamia Tabora, mji wa maembe na asali. Nimefikia Kitete kwa shangazi. Jumamosi nikamuaga, naenda Kwihara kuona tembe la Livingstone.

"Kwa baiskeli, baba?"

"Kwa TZ 11, shangazi!"

Akacheka, akanifungia matobolwa ya kutafuna njiani.

Basi bwana, jua kali, vumbi tele. Kila nikiona mwembe, najibanza kivulini. Nilifika na lengelenge kisiginoni, nimenuna kama niliyedhulumiwa.

Tembe lina kuta nene za udongo na mlango wa nakshi. Livingstone na Stanley walikaa hapo mwaka 1872. Hayo tulikaririshwa shuleni. Yaliyonimaliza ni haya: Livingstone alipofariki Mei 1873, katika Zambia ya leo, akina Susi na Chuma waliubeba mwili wake kwa miguu. Oktoba walipita hapohapo Kwihara, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Njia hiyohiyo ilipitisha wapagazi wa Kinyamwezi na pembe za ndovu mabegani, na watumwa shingoni minyororo. Hao hawakuachiwa nyumba wala mlango wa nakshi.

Nikalitazama lengelenge langu, nikaona haya.

Wakati wa kurudi jamaa akasimamisha baiskeli. "Panda dogo, nikusogeze." Nikamshukuru, nikaendelea kuchapa lapa.

"Umeona nini huko?" shangazi akauliza.

"Miguu, shangazi. Miguu ya watu."