Zilizopendwa? Nani Kaacha Kuzipenda?

Kuna ubishi usioisha kwenye matatu, kwa vinyozi na katika makundi ya WhatsApp ya familia. Kijana anasema Diamond Platnumz ndiye mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliowahi kuimba kwa Kiswahili, na ushahidi anao mfukoni. Anatoa simu, anakuonyesha namba. Mzee naye anaguna. Kwake yeye hawa wa leo ni kelele tu, muziki ulizikwa pamoja na Mbaraka Mwinshehe. Wanazozana mpaka mwisho wa safari, kisha kila mmoja anashuka akijiona mshindi. Mimi nasema wote wawili wanadanganya, ila uongo wa kijana una madhara zaidi kwa sababu umevaa tarakimu, na siku hizi mtu akikutajia tarakimu unanyamaza.

Basi tuzitazame hizo tarakimu. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba video za Diamond zimetazamwa mara bilioni 1 kwenye YouTube, na kwamba hakuna msanii mwingine anayeishi kusini mwa Sahara aliyekuwa amefika hapo. Kwa mtoto aliyelelewa Tandale, hilo si jambo dogo, na simnyimi heshima yake. Lakini YouTube ilianzishwa 2005. Mbaraka alifariki Januari 1979 baada ya ajali ya gari huku Mombasa, akiwa na miaka 34. Kumpima kwa kipimo hicho ni kama kumlaumu babu yako kwamba hakulipa mahari kwa M-Pesa.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayetaka kuuliza: hiyo namba inahesabu nini hasa? Inahesabu mara ambazo wimbo umechezwa. Mtoto akimrudia msanii mmoja mara arobaini tangu asubuhi, anahesabiwa mara nyingi ilhali ni mtoto mmoja. Sasa chukua redio ya betri ya mwaka 1972, imewekwa kibarazani kwa jirani mwenye uwezo, watu kumi na tano wameizunguka, wengine wamesimama nje ya ua. Hao wote, kwa hesabu ya leo, ni sifuri. Chukua zile kadi za salamu. Mtu alinunua kadi, akaijaza majina ya ndugu na marafiki, akataja wimbo anaoutaka, akaipeleka posta, kisha akakaa kungoja kwa siku au wiki mtangazaji aisome hewani. Alilipa pesa na subira ili dakika tatu za wimbo zichezwe mara moja. Niambie, kati ya huyo na mtu aliyebonyeza kidole akiwa chooni, nani ameupenda wimbo zaidi?

Lakini sitaki kubadilisha kipimo kimoja kibovu kwa kingine. Ninachotaka ni tuone kwamba mapenzi ya watu yalikuwa na alama zake hata kabla ya kaunta. Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, kampuni ile haikugharimia safari ya bahari kwa kumwonea huruma mwanamke maskini wa Fumba. Ilijua kuna soko linalomsubiri. Na alipofariki 1950, tayari alikuwa gumzo kiasi kwamba Shaaban Robert, yule yule tunayemfundisha shuleni, aliona maisha yake yanastahili kitabu. Au chukua Daudi Kabaka wetu. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, iliuchukua wimbo wake wa Helule Helule na kuuingiza kwenye chati za Uingereza. Hapakuwa na mtandao wala meneja wa mitandao. Wimbo ulitembea wenyewe.

Kisa cha Malaika ndicho kinachoniudhi hasa. Fadhili William aliurekodi Nairobi, na hadi leo watu wanabishana ni nani aliyeutunga kwanza. Tuuache ubishi huo kwa sasa. Makeba aliuimba, akauimba tena na Belafonte kwenye albamu yao ya 1965. Boney M wakauimba 1981. Angélique Kidjo akauimba. Bendi za hoteli kuanzia Diani hadi Malindi zinauimba kila jioni watalii wakila kamba. Hebu niambie utazijumlisha vipi hizo namba, na utamwandikia nani? Ukitafuta jina la Fadhili mtandaoni utapata sehemu ndogo tu ya wimbo wake, zilizobaki zimetawanyika katika kurasa za watu wengine. Kijana anaitazama ile sehemu ndogo, anacheka, anasema, "Si unaona? Huyu hakuwa na mashabiki."

Mzee asifurahi mapema, naye ana lake. Anasema wa leo wanaiga wageni. Twist aliyocheza ujanani ilitoka Marekani. Rumba aliyobembelezea bibi ilitoka Kongo, na Kongo waliipata kwenye santuri za Cuba, ambako nako ilikuwa na asili ya Afrika. Anasema nyimbo za zamani zilikuwa na ujumbe. Baadhi, ndiyo. Joseph Kamaru aliimba juu ya mwalimu anayemwandama mwanafunzi wake, na walimu wakapandwa na hasira. Leo msanii gani wa chati anaimba kitu ambacho chama cha wafanyakazi kinaweza kukikasirikia? Ila kwa kila Kamaru palikuwa na makumi ya bendi ambazo ujumbe wao wote ni kwamba mwanamke ni kigeugeu, mwanamke anapenda pesa, mwanamke amenitoroka. River Road ilitoa sahani nyingi mno, na nyingi kati yake zilistahili kusahaulika. Miaka hamsini imezipitisha kwenye chekecheke, zikabaki punje safi, sasa mzee anachukua punje zile na kuzilinganisha na gunia zima la mwaka huu, pumba kwa mawe. Huo nao ni wizi wa mizani.

Diamond mwenyewe, nadhani, haamini ulinganisho wa mashabiki wake. Mwaka huo huo wa bilioni moja alimfuata Koffi Olomide, mzaliwa wa 1956, wakatoa Waah! pamoja. Mtu anayedhani wakongwe wameisha hawaiti wakongwe studio.

Tumejifunga wenyewe kwa neno. Zilizopendwa. Sarufi yenyewe inakushtaki: zilipendwa, sasa hazipendwi. Redio zetu zikazipangia saa maalum, mara nyingi usiku au Jumapili, kama ndugu wa kumtembelea wodini. Kisha ukiingia baa yoyote ya Nakuru au Kisumu baada ya saa nne usiku utakuta Les Wanyika inapigwa, na wanaocheza hawajafika miaka thelathini. Hakuna anayewahesabu.

Na huku tukibishana nani mkubwa, kuna saa nyingine inahesabu kimya kimya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio, ina miaka 50 tangu iliporekodiwa. Fanya hesabu. Sauti za mwanzoni mwa miaka ya 70, zile ambazo mzee analilia, tayari zimetoka kwenye ulinzi huo. Tungo za Mbaraka zitafuata mwaka 2029 ukiisha. Baada ya hapo mwenye tangazo la sabuni anaweza kuchukua wimbo wake bila kubisha hodi kwa mtu yeyote hapa Kenya. Ndiyo maana nasema uongo wa kijana una madhara. Ukishakubali kwamba asiye na watazamaji hana thamani, hutauliza mirabaha ya jana ilikwenda wapi, wala nani aliirithi, wala ile mikanda ya studio imehifadhiwa wapi na kwa hali gani. Wa leo wana mawakili na mikataba, na wakiibiwa nchi nzima inasikia kabla ya saa sita mchana. Wapiga gitaa wa bendi za zamani waliondoka studio na noti chache mkononi, wakarudi kwenye zamu ya usiku baa.

Sahani nyingi za wakati ule zina jina la bendi na la mtunzi, basi. Mpiga besi, mpiga tumba, yule wa saksofoni, hawamo. Baadhi yao wako hai bado, wazee wa miaka sabini na themanini, na majirani hawajui wanaishi na nani. Kwa hiyo kabla hujafungua simu kunionyesha bilioni yako, kijana, na wewe mzee kabla hujaguna, nitajieni mpiga besi mmoja wa Morogoro Jazz.