Kesi Iliyofia Kwenye Magereza ya Siri

Julai 2025 Mahakama ya Rufaa ya Washington, majaji wawili dhidi ya mmoja, ilifuta makubaliano ambayo yangeimaliza kesi ya mashambulizi ya Septemba 11. Khalid Sheikh Mohammed na wenzake wawili wangekiri makosa, wangefungwa maisha na kujibu maswali ya ndugu wa waliouawa. Serikali ingeachana na adhabu ya kifo. Lloyd Austin, waziri wa ulinzi wa wakati ule, aliyakana siku mbili tu baada ya kutangazwa, akidai Wamarekani wanastahili kuona kesi ikisikilizwa.

Kesi ipi? Washitakiwa walisomewa mashitaka mbele ya mahakama ya kijeshi ya Marekani huko Guantanamo Mei 2012. Miaka 13 baadaye mawakili walikuwa bado kwenye mabishano ya awali.

Watetezi wa mahakama za kijeshi husema adui aliyenaswa vitani si mwizi wa kuku, na ushahidi wa huko haukusanywi na polisi wenye daftari. Haya. Wapo pia wafiwa wanaotaka washitakiwa wanyongwe, na uchungu wao siubezi.

Lakini kilichoiua kesi hii ni mateso. Februari 2002 Rais George W. Bush aliamua kuwa wapiganaji wa Al-Qaeda na Taliban hawana hadhi ya mateka wa vita. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka penye shaka baraza lenye mamlaka liamue hadhi ya kila mtu. Yeye aliwaamulia wote kwa mpigo. Hawakuwa wanajeshi waliotekwa, hawakuwa watuhumiwa wa kawaida, kwa hiyo CIA ikajiona huru. Mohammed alikamatwa Rawalpindi Machi 2003, na mwezi huohuo, katika gereza la siri la CIA, alimwagiwa maji ya kumkosesha pumzi mara 183. Jaji gani atapokea maneno ya mtu huyo bila kusita?

Tunaokumbuka Agosti 7, 1998 tuna kipimo chetu. Milipuko kwenye balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam iliua watu 224. Watuhumiwa wanne, akiwemo Mtanzania Khalfan Khamis Mohamed, walitiwa hatiani New York Mei 2001, miaka mitatu haijatimia. Hakuna kati yao aliyepitia magereza ya siri ya CIA. Ahmed Khalfan Ghailani wa Zanzibar, aliyekamatwa Pakistan 2004, alipitia. Alipofikishwa New York, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu kwa sababu shahidi huyo alijulikana kupitia maelezo yaliyotolewa kwa kulazimishwa. Ghailani akapatikana na hatia kwa shitaka 1 kati ya zaidi ya 280. Wanasiasa wakapiga mayowe kuwa mahakama za kiraia ni dhaifu, na Bunge likazuia wafungwa wa Guantanamo kuhamishiwa Marekani.

Dhaifu? Ghailani alifungwa maisha! Na mashitaka yaliyoanguka, nani aliyeharibu ushahidi, jaji au watesaji? Aprili 2025 jaji wa kijeshi, hukohuko Guantanamo, alikataa maelezo ya kukiri ya Ammar al-Baluchi, mshitakiwa mwingine wa Septemba 11, kwa sababu hiyohiyo ya mateso. Magwanda hayakusaidia kitu. Wanaoshangilia kufutwa kwa makubaliano watuonyeshe basi ushahidi watakaoupeleka mahakamani. Khalfan Khamis Mohamed amekwisha kutumikia zaidi ya miaka 20 ya kifungo chake. Khalid Sheikh Mohammed, kisheria, bado hajatiwa hatiani kwa lolote.