Rangi ya Watu 17

Mteja akirudisha leso akidai kwenye simu ilikuwa buluu ya bahari, hapa Mkongani mwizi ni muuzaji. Ati kamera haidanganyi, ni hesabu tu.

Hesabu ya nani? Rangi za simu yako zimesimama juu ya kipimo kilichopitishwa mwaka 1931 na CIE, tume ya kimataifa ya mambo ya mwanga. Wright alipima watu 10, Guild 7, wote Uingereza. Walichungulia kiduara cha nyuzi 2, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono, wakalinganisha taa. Wastani wao ndio ukaitwa mtazamaji wa kawaida. Wa kawaida wapi, jamani?

Sisemi jicho la Mdigo ni la ajabu. Lakini lenzi ya jicho huingia umanjano uzeeni, kwa hiyo hata nyanya na mjukuu wake hawaoni buluu moja. Tena kipimo chenyewe hubana mwanga wote kuwa namba 3: vitambaa viwili vilivyofanana kabisa chini ya taa ya duka vyaweza kuachana juani. Sasa mama wa leso ameiba nini?