Alama Pekee Zisiwe Mizani ya Ufadhili

Hapana shaka kwamba Ufadhili wa Samia, ulioanzishwa na Serikali katika mwaka wa masomo 2022/2023, ni jambo la kupongezwa. Zilitengwa shilingi bilioni 3 ili vijana waliopata alama za juu zaidi za sayansi katika mtihani wa Kidato cha Sita wasome vyuo vikuu bila ya kukopa. Kwa mkulima wa mahindi wa Handeni na mkata mkonge wa Korogwe, hayo ni matumaini makubwa.

Hata hivyo, shabaha njema huhitaji mizani ya haki. Alama za mtihani hupima mambo mawili kwa pamoja: juhudi ya mwanafunzi na hali ya shule aliyosoma. Kijana aliyejifunza fizikia na kemia katika shule ya kata isiyo na maabara hufika Kidato cha Tano akiwa nyuma ya mwenzake aliyezungukwa na vifaa. Pengo la miaka minne halizibwi kwa urahisi katika miaka miwili. Akipungukiwa alama chache tu, ufadhili humpita.

Baraza la Mitihani lenyewe liliacha, Januari 2023, kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Ikiwa orodha hiyo haikufaa kutangazwa, yafaaje orodha ya namna hiyo kuwa njia pekee ya kugawa fedha za umma?

Suala hili si geni. Azimio la Musoma la 1974 lilikataa mtihani mmoja wa mwisho uwe hakimu wa maisha ya kijana. Kuanzia 1976, maendeleo ya mwanafunzi shuleni yalihesabiwa pamoja na mtihani. Waombaji wa Chuo Kikuu nao walitakiwa wafanye kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Mapendekezo hayo yalikuwa na hatari yake, kwani penye kujuana mwenye haki hukosa. Aidha, wasichana walipungua Chuoni hata ikabidi wao waruhusiwe kuingia moja kwa moja.

Funzo lake ni kwamba mtihani ubaki, maana karatasi yenye namba haijui mtoto wa nani kaijaza. Lakini mwombaji apewe hiari ya kuwasilisha pia matokeo yake ya Kidato cha Nne pamoja na yale ya shule yake nzima, ili ionekane alitoka wapi na amepanda kiasi gani. Takwimu hizo Baraza linazo. Hazihitaji barua ya mkubwa yeyote. Sehemu ya nafasi za ufadhili itengwe kwa vijana wa namna hiyo.

Kufanya hivyo si kushusha kiwango cha elimu. Ni kutambua kwamba aliyeongoza shule isiyo na maabara ameonyesha akili na bidii ambayo Taifa haliwezi kumudu kuipoteza. Wenye dhamana ya ufadhili wayatafakari haya, na shule za Handeni, Korogwe na kwingineko zipatiwe maabara na walimu wa sayansi, ili siku moja mizani hiyo ya pili isihitajike tena.